Darubini ya kwanza kwa mtu wa Goma: angalia miguu mbele ya jicho

Wenzangu, kila asubuhi watu wanapangana Petite Barrière kuvuka kwenda Gisenyi, na ni wachache wanaojua kwamba ugomvi wa mpaka ule ulipimwa kwa nyota. Mwezi wa nane 1885 serikali ya Léopold II ilitangaza mipaka yake. Upande wetu ilikuwa mstari ulionyooka, kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika mpaka pale meridiani ya 30 ya mashariki inapokutana na latitudo 1°20' kusini. Weka rula kwenye ramani ya leo uone: Ziwa Kivu lote, Gisenyi pamoja na kipande kizuri cha Rwanda ya magharibi vinaangukia Kongo. Na wakati huo hakuna Mzungu aliyekuwa amelitia Ziwa Kivu machoni. Mjerumani von Götzen alifika mwaka 1894, akapanda hata Nyiragongo, na baada yake Berlin haikutaka tena kusikia habari ya ule mstari.

Njo wakaja wapimaji. Tume moja baada ya nyingine ilizunguka huku mpaka mkataba wa Brussels wa 1910, na 1911 alama zikawekwa. Ziwa likagawanywa, Idjwi ikabaki upande wa Kongo. Wenye nchi hawakuulizwa kitu.

Sasa, walipima na nini? Na teodoliti, ambayo ni darubini ndogo tu juu ya miguu mitatu. Ukubwa wake si kitu. Nguvu yake iko kwenye stendi: inageuka pole, inasimama pale unapoiacha, na inakupa pembe bila kudanganya. Ili ujue uko meridiani gani unahitaji saa, maana dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja. Ukikosea sekunde 1 tu, hapa karibu na ikweta umekosea mita 460 na zaidi. Sekunde 4 ni karibu kilometa 2. Hesabu mwenyewe kilometa 2 kutoka Birere ni wapi, na nyumba ya nani ingebadilisha nchi.

Nasimulia haya juu ya swali ambalo vijana wa auditware za chini wananirudilia: wanachanga pesa wanunue darubini ya kuangalia nyota, wachague ipi? Kila mara wananionyesha picha ya sanduku lililoandikwa «inakuza mara 525». Mimi nauliza: stendi yake ikoje? Wananiangalia kama mtu aliyeulizwa habari ya gari akajibu habari ya barabara. Lakini historia yote ya darubini iko pale.

Galileo, Januari 1610 kule Padova, alikuwa na bomba linalokuza mara 20 hivi. Kwa hilo aliona miezi minne ya Mshtarii. Si mara 525, ndugu! Kanuni ya kawaida ni hii: kwa kila milimita ya upana wa kioo, usidai zaidi ya kukuza mara 2. Bomba la milimita 60 mwisho wake ni mara 120, tena siku anga imetulia. Kinachobaki kwenye sanduku ni maneno ya muuzaji. Tafuta upana. Kioo cha milimita 130 kinakusanya mwanga zaidi ya mara 4 kuliko kile cha 60. Ukikuza mara 50 tu, pete za Zohali unaziona.

Halafu miguu. Mwaka 1824 Mjerumani Fraunhofer alimaliza darubini kubwa ya Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, Estonia, akaiwekea stendi ambayo mhimili wake mmoja unaelekea ncha ya anga ya kaskazini. Ukigeuza mhimili ule peke yake, unafuata nyota usiku wote. Kazi ya fundi kabisa. Mpaka leo aina ile inaitwa stendi ya Kijerumani, ya ikweta, na jina hilo linawadanganya watu wetu: «si tuko karibu na ikweta? basi ni yetu!»

Hapana. Mhimili ule unainama kwa kiasi cha latitudo yako. Dorpat ni digrii 58, unasimama vizuri. Goma ni digrii 1 na dakika 41 kusini: mhimili unalala karibu chini kabisa, uzito wa kusawazisha unagonga miguu, na stendi nyingi za bei ndogo haziwezi hata kushuka hivyo. Vitabu vinakuambia uilenge Nyota ya Kaskazini. Kwetu nyota ile iko chini ya upeo wa macho, na hata ingekuwa juu kidogo, upande ule amesimama Nyiragongo na mita zake 3,470 na moshi wake.

Jibu letu lilitoka kwa mtu asiye na pesa. John Dobson alikuwa mtawa wa Vedanta kule California. Alikuwa anatengeneza darubini kwa vitu vya kutupwa, vioo vya madirisha ya meli, mabomba ya karatasi ngumu. Alifukuzwa monasteri 1967, akaenda kusimamisha mabomba yake kwenye pembe za barabara San Francisco, kila mpita njia achungulie bure. Stendi yake ni sanduku la mbao: linazunguka kushoto na kulia, bomba linapanda na kushuka, na vipande vichache vya plastiki laini vinafanya liteleze pole. Basi. Hakudai hakimiliki.

Mtu wa Goma akiiona hatashangaa. Ni chukudu! Mbao, misumari, akili ya fundi, na inabeba mzigo kuliko kitu chenye skrubu ishirini. Seremala anayejua chukudu atakutengenezea sanduku la Dobson ukimpa vipimo. Kioo peke yake ndicho cha kuagiza.

Kwa hiyo mkichanga, chukueni Dobson ya milimita 114 au 130, ile ndogo ya kuweka juu ya meza. Huko inakouzwa ni dola 200 na kitu, bila usafiri na duane. Kama pesa haifiki, nunueni darubini ya macho mawili ya 10x50, msinunue takataka yenye miguu inayotetemeka. Kifuniko cha majivu kisikose. Majivu ya hapa yanakwaruza na yana asidi, usipanguse kioo na kitambaa; puliza tu. Kale kachujio ka jua kanakofungwa kwenye lenzi ya jicho, tupa siku hiyo hiyo, maana kanaweza kupasuka jua likakuunguza jicho.

Na jambo ambalo hakuna kitabu cha Ulaya kinaliandika: bomba jeusi juu ya miguu mitatu, usiku, katika mji huu, mtu mwenye bunduki anaweza kulisoma vingine. Fanyieni ndani ya parsele. Mwambieni mkubwa wa nyumba kumi mapema, aje achungulie wa kwanza. Bomba lipakwe rangi nyeupe. Ile ya mezani ina faida hapa pia, kwa mbali haifanani na silaha.

Anzeni mwezi wa sita, mvua ikikatika. Saa mbili usiku geukeni upande wa ziwa: Msalaba wa Kusini unasimama juu ya maji, na kushoto kwake nyota mbili kali. Ile iliyo mbali zaidi na Msalaba ni Alfa Sentauri. Kwa jicho ni nyota moja. Kwenye milimita 114, ukikuza mara 80, zinakuwa mbili. Galileo hakuiona hata siku moja. Kutoka Padova haichomozi kabisa.