Safari ya Gizani Chini ya Kirinyaga: Fantasia, Mgeni na Mwenyeji katika Eneo la Mlima Kenya

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna hadithi za fantasia zinavyogeuzwa kuwa mahali pa kutembelewa, na uhusiano wa jambo hilo na eneo la Mlima Kenya, hasa Nyeri. Huenda msomaji akadhani kwamba mada hii ni ya wenye hoteli na wala si ya wahakiki wa fasihi. Tutajaribu kuonyesha kwamba sivyo.

Katika viwanja vikubwa vya burudani vya Ulaya na Marekani mna majengo yenye giza ambamo watu hupakiwa katika vigari au mashua zinazoendeshwa kwa mashine, wakapitishwa mbele ya sanamu, taa na sauti zinazosimulia hadithi fulani. Sanaa hiyo tutaiita safari ya gizani. Mwaka 1901, katika maonyesho ya Buffalo, Marekani, watazamaji waliuziwa safari ya kwenda mwezini. Disneyland ilipofunguliwa California mwaka 1955 ilikuwa na safari ya gizani ya Peter Pan, iliyotokana na kazi za J. M. Barrie. Mwaka 2010 ikafunguliwa huko Orlando nyingine, iliyotokana na mfululizo wa riwaya za Harry Potter za J. K. Rowling.

Nyeri haina jengo la namna hiyo. Hata hivyo, hoja yetu ni kwamba umbo la safari hiyo, yaani mgeni kuchukuliwa gizani na kupitishwa katika nchi ya ajabu asiyotakiwa kuijibu, liliandikwa kuhusu mlima wetu miaka mingi kabla ya Disneyland, kisha likajengwa kwa mbao katika msitu wetu. Swali linalotushughulisha ni hili: katika safari hiyo, mwenyeji amewekwa wapi?

2.0 Mlima Unaingia Katika Riwaya

Mlima Kenya uliingia katika maandishi ya Ulaya ukiwa tayari nusu hadithi. Mmisionari Ludwig Krapf aliuona kwa mbali kutoka Kitui mwezi Desemba 1849, lakini baadhi ya wanajiografia wa Ulaya walikataa kuamini kwamba theluji inaweza kudumu karibu na mstari wa ikweta. Joseph Thomson alipita upande wa magharibi wa mlima mwaka 1883, na kitabu chake kuhusu nchi ya Wamaasai kikatoka mwaka 1885.

Mwaka huo huo H. Rider Haggard alichapisha riwaya ambayo wasomaji wa Kiswahili waliijua baadaye kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, katika tafsiri ya Frederick Johnson ya mwaka 1929. Mwaka 1887 Haggard aliendeleza mfululizo huo kwa riwaya ya Allan Quatermain, ambayo inatuhusu moja kwa moja. Wahusika wake wanaanzia Lamu, wanapanda Mto Tana hadi kituo cha misheni, wanapigana na Wamaasai, kisha wanaupita Mlima Kenya na kuelekea bara. Baada ya hapo mtumbwi wao unavutwa na mkondo wa maji hadi ndani ya mto unaopita chini ya ardhi. Wanasafiri katika giza totoro, wanapita karibu na nguzo ya moto itokayo majini, na hatimaye wanatokea katika nchi ya Zu-Vendis, yenye mji wa mawe na malkia wawili weupe.

Anayeijua safari ya gizani ataitambua hapa mara moja. Abiria hawana uwezo wa kugeuza chombo. Giza linafuta njia waliyopitia. Moto unatokea ghafla kuwatisha bila kuwaangamiza. Mwishoni kuna mwanga na mji wa fahari. Haggard, ambaye alikuwa ameishi Afrika ya Kusini lakini alipoandika hakuwa amefika Afrika ya Mashariki, alikiri deni lake kwa kitabu cha Thomson na kwa kaka yake, John, aliyekuwa amewahi kuwa konseli wa Uingereza huko Lamu. Kwa hiyo ukweli kuhusu nchi ulitumika kama mlango tu, na mara msomaji alipoingia mlango ukafungwa.

Hatuna budi kumtendea haki mwandishi huyu. Umslopogaas, shujaa wa Kizulu, ana hadhi kubwa katika riwaya hiyo kuliko Wazungu kadhaa, na kifo chake ndicho kilele cha masimulizi. Lakini hata huyo ni mgeni katika nchi ya mlima. Wenyeji wa miteremko ya Kirinyaga, yaani Wagikuyu, Waembu na Wameru, hawana sauti. Ili nchi iweze kuwa na ustaarabu wa mawe na malkia, ilibidi kwanza wakazi wake halisi wapitwe, kisha watu weupe wabuniwe ng'ambo ya mto wa chini ya ardhi. Kwa maoni yetu hapo ndipo itikadi ya riwaya hii inapojidhihirisha, hata zaidi ya katika matusi ya hapa na pale ambayo wahakiki wengi hupenda kuyahesabu.

3.0 Kutoka Kitabuni Hadi Mtini

Mwaka 1928 Eric Sherbrooke Walker na mkewe, Lady Bettie, walifungua hoteli ya Outspan mjini Nyeri. Mwaka 1932 wakajenga Treetops, nyumba ndogo juu ya mti mkubwa katika msitu wa Nyandarua, uliokuwa ukiitwa Aberdare. Mti huo ulikuwa wa jamii ya mtini, jamii ambayo mugumo, mti wa ibada za Wagikuyu, ni mmojawapo.

Walker alikuwa amewahi kuwa katibu wa Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti. Uhusiano huo una uzito wa kifasihi. Mwaka 1916 Baden-Powell alikuwa ameanzisha tawi la watoto wadogo lililojengwa juu ya hadithi za Rudyard Kipling za msituni, zile za Mowgli, anayefahamika kwa Kiswahili kama Maugli. Watoto hawakuzisoma tu hadithi hizo, bali waliziigiza kwa majina na desturi zake. Mwaka 1938 Baden-Powell alihamia Paxtu, nyumba aliyojengewa katika kiwanja cha Outspan, na akafariki huko tarehe 8 Januari 1941. Kaburi lake Nyeri linaelekea mlimani. Baadaye Jim Corbett, mwindaji na mwandishi wa hadithi za simbamarara wa India, aliishi katika nyumba hiyo hiyo. Hivyo basi msitu wa Nyandarua ulitazamwa kupitia msitu wa vitabu, tena vitabu vya nchi nyingine.

Utaratibu wa Treetops wenyewe ulikuwa tamthilia. Mgeni alikula Outspan, akachukuliwa kwa gari, akatembea sehemu ya mwisho akilindwa na mwindaji mwenye bunduki, akapanda ngazi na kutakiwa anyamaze. Wanyama walivutwa kwa chumvi karibu na dimbwi, na baadaye taa ziliwekwa mfano wa mbalamwezi. Wanyama walikuwa wa kweli, lakini jukwaa lilikuwa limetengenezwa. Tofauti na safari ya gizani ya California ni ndogo: huko abiria ndiye anayesogezwa mbele ya ajabu, na hapa ajabu ndiyo inayosogezwa mbele ya abiria.

4.0 Binti Mfalme na Moto

Tarehe 5 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala Treetops. Usiku huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki Uingereza. Tangu hapo imesimuliwa duniani kote kwamba binti mfalme alipanda mtini na kushuka akiwa malkia. Muundo wa usemi huo ni wa ngano: msitu, mti, usiku mmoja, mgeuko. Historia yenyewe si nyepesi hivyo, kwa maana habari za msiba zilimfikia baadaye, akiwa katika nyumba ya Sagana. Lakini ngano ilishinda, na hoteli ikaishi kwa ngano hiyo.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Msitu uliokuwa ukumbi wa tamasha sasa ulikuwa makao ya wapiganaji wa Mau Mau, na ndege za kijeshi zikaurushia mabomu. Wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga na wapiganaji. Tarehe 27 Mei 1954 Treetops iliteketezwa na wapiganaji hao.

Wanahistoria huweza kulieleza tukio hilo kama shambulio la kivita. Mhakiki anaweza kuongeza jambo jingine. Ule ulikuwa wakati ambapo waliokuwa nje ya hadithi waliingia ndani yake bila kualikwa. Dedan Kimathi alikamatwa katika eneo la Tetu tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka huo huo wa 1957 Treetops ilijengwa upya, ng'ambo ya dimbwi lile lile. Malkia alirudi kuizuru mwaka 1983, miaka 20 baada ya uhuru. Jambo hili linatufundisha kwamba jengo likiteketea, umbo la hadithi iliyolijenga huweza kubaki na kujenga jingine.

5.0 Paukwa, Pakawa

Umbo hilo limesafiri. Mwaka 1998 kilifunguliwa huko Florida kiwanja cha burudani cha Disney chenye wanyama, na ndani yake mkajengwa mji wa kubuni wa Afrika ya Mashariki uitwao Harambe. Neno lililokuwa wito wa kufanya kazi pamoja, na ambalo limeandikwa katika nembo ya taifa la Kenya, limekuwa jina la kituo ambapo wageni hupanda gari. Kiswahili chenyewe kimeajiriwa kama pambo la ukutani.

Je, tatizo ni fantasia? La hasha. Fasihi yetu ya jadi imejaa mazimwi, mapango na safari za ajabu. Watoto wa Nyeri walisimuliwa habari za irimu usiku, kando ya moto, na giza lilikuwa sehemu ya utamu. Tofauti imo katika nafasi ya msikilizaji. Msimulizi wa Kiswahili akisema "Paukwa!" hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa!" Hadhira inaidhinisha safari, inaimba katikati yake, na kesho yake mmoja wa wasikilizaji anaweza kuwa msimulizi. Katika safari ya gizani abiria anafungiwa kitini, na hadithi itapita hata akilala usingizi.

Aidha, Kirinyaga ina hadithi yake ya kutazama. Jomo Kenyatta aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1938, mwaka ule ule Baden-Powell alipohamia Paxtu. Ngai alimpandisha Gikuyu juu ya mlima, akamwonyesha nchi, kisha akamwelekeza Mukurwe wa Nyagathanga akaishi huko. Huyo naye ni mgeni aliyepandishwa juu ili aone maajabu. Lakini alipoonyeshwa alikabidhiwa: akashuka, akajenga, akalima, akazaa. Kuona kulimpa wajibu. Mgeni wa Treetops alipewa cheti cha kuwa ameona, na asubuhi akaondoka.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mto wa Haggard, mti wa Walker na mji wa Florida ni matoleo matatu ya umbo moja la kifasihi, na kwamba umbo hilo humpa mgeni macho na kumnyima mwenyeji kinywa. Wanafunzi wetu wanaotoka Nyeri, Karatina, Nanyuki na Embu wengi wao wana ndugu waliowahi kuongoza wageni, kuwapikia au kuwatandikia vitanda katika hoteli za mlimani. Wao wanaijua safari hii kwa upande wa nyuma wa pazia, na ujuzi huo bado haujaingia vya kutosha katika bunilizi zetu za Kiswahili.

Hatupendekezi kwamba Mashimo ya Mfalme Sulemani iondolewe maktabani. Isomwe, ila isomwe pamoja na ramani ya Nyeri na pamoja na hadithi ya Gikuyu. Na ikiwa siku moja vijana wetu watajenga safari yao ya gizani chini ya Kirinyaga, kitabuni au kwa chuma na taa, tunawaomba jambo moja tu: wamwachie abiria nafasi ya kuitikia.