Kuhama shule: Kwa nini gredi ya wastani hubadilika

Mwanafunzi wa shule ya upili anapohamia shule nyingine, ripoti ya muhula wa kwanza huwashtua wazazi wengi. Mtoto aliyezoea kupata B+ analeta B-, na lawama za uzembe zinamwangukia. Hata hivyo, huenda bidii yake haikupungua. Kilichobadilika ni kipimo.

Katika mfumo wa 8-4-4 kuna gredi 12, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi moja. Pointi za masomo saba hujumlishwa na kugawanywa kwa saba ili kupata wastani. Tofauti hujitokeza katika alama zinazohitajika kwa kila gredi, kwani katika mitihani ya ndani shule hujipangia viwango.

Tuchukue mwanafunzi aliyepata Hisabati 58, Kiingereza 62, Kiswahili 68, Biolojia 64, Kemia 52, Historia 72 na Kilimo 70. Katika shule ambako A huanzia alama 80 na gredi hushuka kila baada ya alama tano, atapata pointi 58. Wastani wake ni 8.29, yaani B-. Katika shule ambako A huanzia alama 70 na gredi hushuka vivyo hivyo, alama hizo hizo zitampa pointi 72. Wastani ni 10.29, yaani B+.

Sababu ya pili ni majaribio ya katikati ya muhula. Shule nyingi huyapa asilimia 30 na mtihani wa mwisho asilimia 70. Aliyehamia baada ya majaribio kufanywa akiandikiwa sufuri, kisha apate asilimia 60 katika mtihani wa mwisho, ataishia na alama 42. Kwa kipimo cha kwanza hapo juu, B- imegeuka kuwa D+.

Tatu ni masomo yanayohesabiwa. Tangu KCSE ya 2023, wastani hutokana na Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano aliyofanya vyema zaidi mtahiniwa. Shule inayojumuisha masomo yote manane katika ripoti zake, hata lile lililomlemea mwanafunzi, humshushia wastani.

Mambo haya yana uzito. Kuna shule zinazodai gredi fulani kabla ya kumpokea mgeni, na nyingine humtaka arudie kidato.

Gredi za ripoti haziingii katika matokeo ya KCSE, mtihani ambao watahiniwa wake wa mwisho wanatarajiwa mwaka 2027. Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, ndilo hutoa gredi hizo. Hata hivyo, masomo kama Kilimo na Kompyuta yana mradi unaofanyiwa shuleni na kuchangia alama za mtihani. Anayehama akiwa kidato cha nne ahakikishe mradi wake haukwami kati ya shule mbili.

Kabla ya kuondoka, mzazi aombe ripoti zinazoonyesha alama za kila somo, si herufi pekee, pamoja na kipimo cha gredi cha shule hiyo. Afikapo shule mpya, aulize A huanzia alama ngapi, ni masomo mangapi yanayohesabiwa, na majaribio ambayo mtoto hakuyafanya yatashughulikiwa vipi. Akishapata majibu hayo, ataweza kulinganisha alama kwa alama kabla ya kumkemea mtoto.