Kutoka Mkononi hadi Kwenye Namba: Historia ya Hadaa za Kimtandao na Ulinzi wa Akaunti katika Ukanda wa Kitaya, Mtwara

1.0 Utangulizi

Insha hii inajadili historia ya udukuzi wa akaunti na hadaa za kimtandao kwa kuutazama ukanda wa Kitaya, mkoani Mtwara, kando ya Mto Ruvuma unaozitenganisha Tanzania na Msumbiji. Mijadala ya uhalifu wa mtandao nchini imezoea kuanzia Dar es Salaam, kwenye mabenki na ofisi za serikali, ambako akaunti ya barua pepe ni nyenzo ya kazi ya kila siku. Katika vijiji vya mpakani, kwa watu wengi akaunti ya kwanza yenye thamani ilikuwa namba ya simu. Hoja ya msingi ya insha hii ni kwamba hadaa hizi zilienea kwa kujipenyeza katika desturi ya muda mrefu ya kutumiana fedha kwa kuaminiana, zaidi ya kutegemea ustadi wa kompyuta. Kwa sababu hiyo, sheria iliyolinda mlango wa mfumo haikutosha pale ambapo mwenye mlango alishawishiwa kuufungua mwenyewe.

2.0 Fedha Zilipopita Mkononi

Kabla ya huduma za fedha kwa simu, fedha za jamaa waliokuwa mbali zilifika kwa njia chache: hawala ya posta, bahasha iliyokabidhiwa kwa dereva au abiria, au ndugu aliyesafiri. Njia hizi zilikuwa za polepole na hazikukosa wizi. Hata hivyo, zilikuwa na uthibitisho ndani yake. Aliyepeleka alimjua aliyebeba, na aliyebeba alimtafuta mpokeaji kwa jina, kwa ukoo na kwa nyumba. Aliyetaka kuiba kwa kujifanya mtu mwingine alipaswa kusimama mbele ya watu wanaomjua huyo anayemwigiza.

Biashara ya korosho ilikuwa na njia yake ya uthibitisho. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilifungua njia ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08. Mkulima alipeleka mzigo kwenye chama cha msingi, ukapimwa, naye akapewa karatasi. Kadiri malipo yalivyozidi kupitishwa benki katika miaka iliyofuata, mkulima alihitaji kuwa na akaunti, na taarifa za fedha zake zikaanza kumfikia kwa ujumbe mfupi. Hivyo ujumbe wa simu ukapata hadhi ambayo awali ilikuwa ya karatasi yenye muhuri.

3.0 Namba Ilipochukua Nafasi ya Mtu

Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Tanzania, na kampuni nyingine za simu zikafuata kwa huduma zao. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, ukaongeza uwezo wa intaneti nchini. Mabadiliko haya mawili yalikutana katika simu ya mkononi. Mtu aliyekuwa hajawahi kuingia katika tawi la benki aliweza kupokea fedha akiwa kijijini kupitia kwa wakala. Faida yake ilikuwa kubwa. Lakini sura na ukoo vilibadilishwa kwa tarakimu kumi na namba ya siri.

Utapeli uliozoeleka zaidi ulitumia pengo hilo. Ujumbe wa aina ya “ile hela nitumie kwenye namba hii” haukuwa na kiungo wala programu hasidi. Ulitumwa kwa watu wengi bila kujua nani anadaiwa, kwa kutegemea kwamba miongoni mwao yupo aliyekuwa karibu kumtumia mtu fedha. Msomaji mwenyewe ndiye aliyejaza jina la mdai. Kimantiki, hii ndiyo kanuni ileile ya barua pepe ya hadaa inayodai kutoka benki: mtumaji hajui kama mpokeaji ana akaunti katika benki hiyo, ila anajua kwamba wapo walio nayo.

Simu janja ziliunganisha aina hizi mbili za hadaa. Simu nyingi za aina hiyo humtaka mtumiaji awe na akaunti ya barua pepe ili apakue programu, na si jambo geni muuzaji au fundi simu kumfungulia mteja akaunti hiyo na kuchagua nywila kwa niaba yake. Mmiliki huondoka na akaunti asiyoijua, ingawa ndiyo inayohifadhi majina ya jamaa zake, picha na nakala za mawasiliano. Mdukuzi anayeipata hujipatia sauti ya mwenye akaunti, na huweza kuwaomba fedha watu wanaomwamini.

4.0 Sheria na Mipaka Yake

Serikali haikukaa kimya. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilipewa msingi mpana zaidi na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, iliyoweka pia wajibu wa kusajili laini. Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Kifungu cha 4 kinakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa. Cha 12 kinahusu ulaghai, na cha 15 kujifanya mtu mwingine. Hata hivyo, mjadala wa umma ulivutwa zaidi na kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo na athari zake kwa uhuru wa kujieleza. Mwathiriwa wa kawaida wa utapeli alipata nafasi ndogo katika mjadala huo.

Tarehe 1 Mei 2019 usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza, ukitegemea kitambulisho cha taifa, na muda wa mwisho ukasogezwa kutoka Desemba 2019 hadi Januari 2020. Lengo lilikuwa kuirudishia namba uso wake. Katika ukanda wa Ruvuma jambo hili lilikuwa na uzito wa pekee. Wamakonde wanaishi pande zote mbili za mto, na vita vya ukombozi wa Msumbiji vya 1964 hadi 1974 viliwaleta wakimbizi wengi kusini mwa Tanzania. Mahali pa namna hii, kuthibitisha uraia ili kupata kitambulisho si jambo jepesi, na anayekikosa hushawishika kutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mwingine. Laini ya namna hiyo humficha tapeli, na pia humnyima mtumiaji mwaminifu uwezo wa kuirejesha inapopotea au kuibwa.

5.0 Maneno Yaleyale, Kweli na Uongo

Mnamo Oktoba 2020 Kitaya ilishambuliwa na wapiganaji waliovuka kutoka Msumbiji, na raia wakauawa. Tukio hilo linaonesha kwa nini ushauri wa “usiamini namba ngeni” hautoshi. Mtu aliyekimbia bila simu yake hulazimika kuazima ya mwingine, na ujumbe wake kwa ndugu hauwezi kuwa tofauti sana na ule wa tapeli: nimepoteza simu, nitumie kwenye namba hii. Anayepuuza huenda anamtelekeza ndugu. Anayetuma haraka huenda anamlipa mwizi. Tofauti haimo katika maneno, imo katika uthibitisho: kumpigia mtu huyo na kuisikia sauti yake, kumuuliza jambo ambalo jamaa tu hulijua, na kusoma jina linaloonekana kabla ya kukamilisha muamala.

Kwa akaunti ya barua pepe iliyodukuliwa, hatua zinafuata mantiki hiyohiyo. Mmiliki hubadilisha nywila kwa kutumia kifaa salama, huondoa vifaa asivyovitambua, hukagua kama mdukuzi ameacha mpangilio unaopeleka nakala za barua kwingine, na huweka uthibitisho wa hatua mbili. Kisha huwajulisha jamaa, kwa kuwa hao ndio walengwa wanaofuata. Namba za simu za kitapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na wizi wenyewe hupelekwa polisi.

6.0 Hitimisho

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeongeza wajibu wa taasisi kulinda taarifa za watu. Hata hivyo, historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba udhaifu mkuu ulitokea pale chombo kipya kilipoondoa uthibitisho wa zamani bila kuacha mbadala ambao mtu wa kijijini angeweza kuumudu. Kumlaumu mwathiriwa kwa ujinga ni kupotosha historia hiyo, na aibu inayotokana na lawama hizo humzuia kutoa taarifa, jambo linalomnufaisha tapeli pekee. Wakazi wa Kitaya walikuwa na desturi ya kumjua anayepokea kabla ya kukabidhi. Elimu ya usalama wa mtandao katika ukanda huu ingefaa kuanzia kwenye desturi hiyo.