Spektromita ya uwandani: uandaaji na hitilafu zake

Spektromita ya uwandani ni chombo cha kubebeka kinachopima mwanga unaoakisiwa na udongo, majani au miamba katika kila urefu wa wimbi. Aina inayotumika sana katika utafiti wa ardhi hupima kuanzia nanomita 350 hadi 2,500, yaani kutoka ukingoni mwa urujuanimno hadi ndani kabisa ya infraredi. Kazi hiyo hugawanywa kwa vitambuzi vitatu vinavyopokezana karibu na nanomita 1,000 na 1,800.

Chombo huwashwa angalau nusu saa kabla ya kazi ili joto lake litulie. Kisha hurekebishwa kulingana na mwanga uliopo, hurekodi ishara yake chenyewe gizani, na hatimaye huelekezwa kwenye kibao cheupe cha plastiki ya florini, kinachoakisi takriban asilimia 99 ya mwanga unaoonekana. Uakisi wa kitu ni mwanga wake ukigawanywa kwa ule wa kibao. Kwa hiyo kibao kichafu huharibu kila kipimo kitakachofuata. Hakiguswi kwa vidole. Kikichafuka sana, husuguliwa kwa msasa laini wa maji chini ya maji yanayotiririka.

Kabla ya kulaumu chombo, pima kibao chenyewe upya. Mstari ulionyooka kwenye 1 unaonyesha kwamba mambo ni sawa. Ukipanda au kushuka ungali umenyooka, mwanga umebadilika, na mara nyingi mhusika ni wingu jembamba ambalo jicho halikulitilia maanani. Ukikatika juu kama uliofyekwa, kitambuzi kimezidiwa na mwanga, na marekebisho ya awali yarudiwe. Fujo karibu na nanomita 1,400 na 1,900 si ugonjwa: mvuke wa maji angani hunyonya mwanga wa jua hapo, na watafiti huzikata sehemu hizo.

Ngazi kwenye nanomita 1,000 ndiyo inayosumbua wengi. Inaweza kutokana na chombo ambacho hakijapata joto la kutosha, kwa kuwa usikivu wa kitambuzi cha silikoni ukingoni mwake hubadilika kadiri ya joto. Lakini ikitokea kwenye nyasi na isionekane kwenye kibao, sababu ni nyingine. Nyuzi za kioo zinazobeba mwanga hugawanywa kwa vitambuzi vyote vitatu, na kila kundi huona kipande tofauti kidogo cha shabaha. Dawa yake ni kuinua ncha ya nyuzi hizo na kuchukua wastani wa vipimo vingi. Ncha tupu yenye uwazi wa digrii 25 ikiwa mita 1 juu ya ardhi huona duara la sentimita 44 hivi.

Ishara ikififia katika eneo la kitambuzi kimoja tu, shuku nyuzi zilizovunjika kwa kukunjwa. Kompyuta isipokiona chombo, anza na betri, kebo na mipangilio ya mtandao. Kwa kawaida hitilafu hiyo haihitaji fundi.

Miongozo mingi hushauri kupima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Karibu na ikweta ushauri huo una mtego: mwezi Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa utosini, na kivuli cha ncha huangukia palepale inapotazama. Afadhali kupima mapema kidogo. Mpimaji avae nguo nyeusi. Koti la usalama linalong'aa hutupia shabaha mwanga usio wake.

Vipimo vya maabara hukwepa jua kabisa. Mwaka 2002 Keith Shepherd na Markus Walsh, wakifanya kazi katika kituo cha kimataifa cha kilimo mseto jijini Nairobi, walichapisha maktaba ya uakisi wa sampuli zaidi ya 1,000 za udongo wa mashariki na kusini mwa Afrika. Udongo huo ulikaushwa na kuchekechwa kabla ya kumulikwa kwa taa, kwa sababu unyevu hugiza udongo na kuficha alama za madini ya mfinyanzi, zinazoonekana karibu na nanomita 2,200.