Mtoto Njiti na Mama Yake

Uchungu wa mwana, wasema wahenga, aujuaye ni mzazi. Hata hivyo historia ya utabibu yatuonyesha ya kuwa ilipita miaka mingi kabla ya madaktari kuutia maanani usemi huo. Kwanza walijifunza kumtunza mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mama yake walimkumbuka baadaye sana.

Mtoto njiti ni yule azaliwaye kabla ya kutimia majuma 37 ya mimba. Mwili wake hauna mafuta ya kutosha kuhifadhi joto, mapafu yake hayajakomaa, na pengine hana nguvu za kunyonya. Baridi yaweza kumwua, hata katika nchi ya jua kali kama pwani yetu.

Katika mwaka wa 1880 daktari Mfaransa, Stéphane Tarnier, aliweka katika hospitali ya wazazi ya Paris masanduku yaliyopashwa joto kwa maji moto. Alikuwa ameona katika bustani ya wanyama jinsi vifaranga wanavyoanguliwa kwa mashine. Miongoni mwa watoto wasiofika kilo 2, vifo vilipungua kutoka 66 katika kila 100 hadi 38. Faida hiyo ilikuwa kubwa, lakini mtoto alitengwa na mamaye. Pierre Budin, mwanafunzi wa Tarnier, alionya katika kitabu chake cha mwaka wa 1900 ya kuwa mama asiyemnyonyesha wala kumpakata mwanawe huanza kumsahau.

Hali ya mama mwenyewe ilichunguzwa hapa hapa Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1970 John Cox, daktari Mwingereza wa maradhi ya akili, alifanya kazi Uganda na kuwachunguza wanawake wajawazito na waliojifungua. Waganda walikuwa na jina lao, amakiro, kwa wazimu umpatao mwanamke baada ya kuzaa, na watu walisema kuwa huletwa na uasherati wakati wa mimba. Imani ya namna hiyo humfanya mgonjwa ahukumiwe badala ya kutibiwa. Baadaye, huko Uskoti, Cox na wenzake walitunga maswali 10 yaliyochapishwa mwaka wa 1987. Humwuliza mama kama bado aweza kucheka, kama hujilaumu bure, kama huzuni humnyima usingizi. Siku hizi maswali hayo yapo hata kwa Kiswahili, nayo humsaidia mwuguzi kuitambua sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka.

Sasa tuje Kwale. Malaria ni adui wa zamani wa pwani ya kusini. Vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, vikampunguzia mtoto chakula, naye akazaliwa mdogo au kabla ya siku zake. Kwa hiyo mja mzito hupewa chandarua na dawa ya kinga kliniki. Katika miaka ya mwanzo ya karne hii watafiti waliwafuatia akina mama wa Msambweni na watoto wao tangu mimba kwa miaka kadhaa. Waliona ya kuwa malaria ya mama yaweza kuudhoofisha uwezo wa mtoto wa kupigana na ugonjwa huo huo. Nako Kilifi, katika mwaka wa 2008, Amina Abubakar na wenzake walitoa kipimo cha kuchunguza jinsi watoto wa miezi 6 hadi 35 wanavyotembea na kutumia mikono yao.

Lakini ni nani atakayemrudisha mtoto njiti kwa mama yake? Jibu lilitoka Bogotá, nchini Kolombia. Katika mwaka wa 1978 daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na watoto wengi na mashine chache, aliagiza watoto wafungwe kifuani pa mama zao, ngozi kwa ngozi, kama kangaruu abebavyo mwanawe. Katika mwaka wa 2021 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa nchi 5, Tanzania ikiwa mojawapo. Miongoni mwa watoto walioanza kubebwa hivyo mara baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100. Miongoni mwa waliongojeshwa kwanza, walikufa karibu 16.

Leso, basi, vazi la kila mwanamke wa Diani na Msambweni, yaweza kuifanya kazi hiyo. Lakini mama aliyechoka hawezi kumbeba mtoto usiku na mchana peke yake. Wazee wetu walilijua jambo hilo, ndiyo maana mzazi alikaa ndani siku 40, akikandwa kwa maji moto na kupikiwa uji na jamaa zake. Mama wa mtoto njiti mara nyingi huzipitisha siku hizo hospitalini, mbali na wale ambao wangemliwaza, naye ndiye aliye katika hatari zaidi ya sonona.

Ninyi vijana msomao haya mtakuwa wauguzi, waume, dada na shangazi. Mkimwona mzazi haongei, hali, au hamtazami mwanawe, msiseme kuwa ni mvivu, wala ana pepo. Mpokeeni mtoto mpate kumpumzisha mama, kisha mpelekeni kliniki.