Mti Uliobakizwa Malishoni

Babu yangu alipofyeka msitu ili apate malisho ya ng'ombe, alibakiza mti mmoja. "Huu ni wa kivuli," alisema, nasi wajukuu tukamwona mtu mwenye huruma. Kila mwaka mti ule ulizaa, na kila mwaka miche iliyochomoza chini yake ilikanyagwa na ng'ombe, ikasongwa na nyasi au ikakaushwa na jua.

Niliukumbuka mti huo niliposoma habari za San Vito, kusini mwa Kosta Rika. Mwaka 1952 walowezi wa Kiitaliano walifika huko, wakaungana na wenyeji kufyeka msitu. Milima ikageuka mashamba ya kahawa na malisho, vikabaki vipande vya msitu na miti mmoja mmoja. Baadhi yake ilikuwa Symphonia globulifera, mti uotao pia katika misitu ya Afrika. Huko maua yake huchavushwa na ndege wadogo wafyonzao utamu wake, na mbegu zake husambazwa na popo.

Katika miaka ya 1980 Daniel Janzen, mwanabiolojia wa Kimarekani aliyefanya kazi nchini humo, aliiita miti ya namna hiyo wafu walio hai: majani inayo, kizazi haina. Lakini mwaka 1998 Preston Aldrich na James Hamrick walitoa matokeo ya kulinganisha vinasaba vya miche na vya miti mikubwa. Miche ilipatikana ndani ya vipande vya msitu tu. Kumbe wazazi wa iliyo mingi walisimama malishoni. Popo ndio waliohamisha mbegu.

Nilifurahi, lakini si kwa muda mrefu. Kuwapo kwa miti ile malishoni kuliwabadilishia ndege njia zao za kutafuta chakula, na miti ikazidi kujichavusha yenyewe. Basi msitu ulijaa watoto wengi wa wazazi wachache. Anayehesabu miche ataona neema. Anayeuliza ukoo ataona ufukara.

Na mti wa babu? Haukuwa hata na kipande cha msitu jirani cha kupokea mbegu zake. Ulipoangushwa na upepo, hatukupata mche wa kurithi nafasi yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Babu aliuhurumia mti, akawasahau jirani zake. Laiti angebakiza japo ukanda wa msitu kando ya mto!