Jairoskopu: Pia inayosomwa kwa mwanga bila kuguswa

MTOTO anayechezesha pia hujua jambo ambalo wahandisi wa meli na ndege walichukua muda mrefu kulitumia: kitu kinachozunguka kwa kasi hukataa kugeuzwa.

Jairoskopu ni chombo kilichojengwa juu ya ukaidi huo. Gurudumu au tufe lake likishazungushwa, mhimili wake hubaki umeelekea upande ule ule angani, hata kama nyambizi au ndege inayolibeba itapinda au kupanda. Ajuaye mhimili umeelekea wapi hujua pia amegeuka kiasi gani, bila kutazama nyota wala pwani.

Ugumu upo katika kuusoma mhimili huo. Kila kinachougusa huusukuma kidogo, na kosa la sehemu moja ya 60 ya digrii humpotosha nahodha kwa takriban kilomita 1.85. Ndiyo sababu mwanga ukaitwa kusaidia, kwa kuwa msukumo wake ni mdogo mno.

Fikra hiyo si ngeni. Mfaransa Léon Foucault, aliyekipa chombo hiki jina mwaka wa 1852, alitumia hadubini kuuona mhimili ukionekana kuhama jinsi dunia ilivyozunguka. Gurudumu lake lilichoka baada ya dakika chache tu kwa sababu ya msuguano. (Jina lenyewe, lenye asili ya Kigiriki, lamaanisha kutazama mzunguko.) Mtu aliye Nanyuki, kwenye ikweta, akilaza mhimili wa jairoskopu kamilifu kuelekea mashariki, angeuona ukiinuka digrii 15 kila saa na kusimama wima baada ya saa sita. Kumbe aliyegeuka ni yeye, pamoja na dunia.

Katika miaka ya 1950, Arnold Nordsieck wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alipendekeza dawa ya msuguano: tufe lielee katika ombwe, likishikiliwa na nguvu ya umeme tuli pekee. Likishazungushwa kwa sumaku, huachwa lijiendee lenyewe.

Lakini tufe lisilo na ekseli litasomwaje? Kampuni ya Honeywell ililichora. Juu ya tufe tupu la beriliamu, madini mepesi na magumu, iliwekwa michoro inayopita mbele ya vitambuzi vya mwanga. Chukua mstari wa mshazari kwenye mpira: muda kati ya alama moja na nyingine hubadilika kulingana na mahali jicho linapotazama, karibu na ikweta ya mpira au karibu na ncha yake. Kwa kupima muda huo kutoka pande kadhaa, mwelekeo wa mhimili hupatikana. Mitambo hiyo iliongoza ndege za kivita za B-52.

Usanifu wake hausamehe uzembe. Uzito lazima uzidi kidogo kwenye ikweta ya tufe, la sivyo litayumba na michoro kukosa maana. Tena tufe hutanuka likizunguka, hivyo umbo lake hukadiriwa kwa kasi ya kazi, si likiwa limetulia. Umeme ukikatika ghafla, tufe huanguka likiwa bado na kasi yake yote, na hapo kifaa cha bei ghali huharibika.

Tangu miaka ya 1980, ndege nyingi za abiria zimehamia jairoskopu za leza, ambazo hazina kinachozunguka isipokuwa mwanga wenyewe.

Tufe liliendelea kuhitajika penye usahihi wa kupita kiasi. Chombo cha anga cha Gravity Probe B, kilichorushwa Aprili 20, 2004, kilibeba matufe manne ya kioo cha kwatsi yenye upana wa milimita 38. Hayo hayakuweza kuchorwa, kwani alama yoyote ingeharibu umbo lake. Yalipakwa niobiamu na kupozwa mno, yakasomwa kwa usumaku wake hafifu. Mwanga ulibakiwa na kazi katika darubini iliyoelekezwa kwenye nyota IM Pegasi ili mhimili ulinganishwe nayo. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2011 yaliafikiana na nadharia ya Einstein kwamba dunia hupinda nafasi inayoizunguka na kuiburura inapojizungusha.